Leseni za Sauti Ziwe za Chama, Zisiwe za Mashini



Katika mkutano wa wajumbe ujao litaletwa shauri ambalo wengi wataliona ni jambo la mafundi tu, wainue mikono upesi na kwenda kula. Shauri lenyewe ni hili: kila tawi letu, toka Mombasa mpaka Kisumu, linunue seva yake ya ujumbe wa sauti, yaani mashini inayopokea simu wakati afisi imefungwa, ikamwambia mpiga simu aseme shida yake, na kuyaweka maneno yake mpaka mwenye kazi aje kuyasikiliza. Karatasi za bei zimekwisha kuletwa. Fedha zitakazolipa ni ada zetu, zile zinazokatwa katika mishahara kila mwezi.

Sisi tulio kazini relwe hatuzipingi mashini hizi. Twazitaka. Lakini twasema mapema, kabla mkataba haujatiwa sahihi: seva tano zisizojuana ni mali iliyotupwa, na seva tano zinazojuana lakini kila moja imefungiwa leseni zake peke yake ni mali iliyotupwa nusu. Twataka ziunganishwe ziwe mtandao mmoja, na leseni zote ziwe katika mfuko mmoja, kwa jina la chama. Hayo ndiyo maneno yetu, na sababu zake ni hizi.

KWA NINI JAMBO HILI LATUHUSU

Kazi ya relwe haina saa. Dereva, gadi, stesheni masta, watu wa gangi, mlinzi wa bohari, wote hao wanafanya zamu. Saa ambayo mtu wa usiku anapata nafasi ya kupiga simu, katibu wa tawi amelala. Saa ambayo katibu yuko mezani, mtu wetu yuko njiani kati ya Makindu na Voi, au amelala baada ya zamu. Na shida ya kazi haingoji watu hawa wawili wakutane.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, yasema kwamba mwajiri akitaka kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu, au kwa kutofanya kazi vizuri, au kwa kuwa mwili wake hauiwezi kazi, lazima kwanza amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu. Na mfanya kazi ana haki ya kuwa na mwenzake, au mjumbe wa chama wa hapo kazini, wakati wa maelezo hayo. Ni haki nzuri. Lakini haki hiyo haina faida kama mjumbe hakupata habari.

Twajua habari ya mtu mmoja wa zamu ya usiku aliyepewa barua Ijumaa jioni, ajibu mashtaka Jumatatu asubuhi. Alipiga namba iliyoandikwa katika kadi yake ya chama, ambayo ni ya makao makuu, akasema yote vizuri: jina, kituo, siku na saa. Mashini ilipokea. Lakini ilikuwa peke yake, haina njia ya kupeleka maneno hayo kwa tawi. Jumatatu karani alifika kazini, akasikiliza, akaandika katika karatasi, akatafuta namba ya katibu wa tawi, akampata baada ya chakula cha mchana. Wakati huo mtu wetu alikuwa amekwisha simama mbele ya wakubwa peke yake. Hapa hakuna aliyelala kazini. Kilichokosekana ni njia.

Kama seva zingekuwa zimeunganishwa, mpiga simu mwenyewe angebonyeza namba ya tawi lake, na ujumbe wake ungeingia katika sanduku la sauti la katibu na la mjumbe wa kituo Ijumaa ile ile. Nao wangeusikia kwa sauti yake mwenyewe, si kwa mwandiko wa mtu mwingine.

VIJANA WASEMA WHATSAPP YATOSHA

Wako watakaosema: haya yote ya nini, na sisi tuna WhatsApp? Kweli, tangu mwaka 2013 WhatsApp yaweza kupeleka sauti, na sisi wenyewe twaitumia kila siku. Lakini tufikiri kidogo. Ujumbe wa WhatsApp hukaa katika simu ya mtu. Katibu akishindwa uchaguzi, huondoka na simu yake mfukoni, pamoja na mashauri ya watu mia. Simu ikiibiwa katika matatu, mashauri yameibiwa. Na si kila mwanachama ana simu ya kioo kikubwa wala bando. Wazee wengi wa gangi wana simu ndogo ya tochi, ambayo hupiga na kupokea tu. Mashini ya sauti humpokea kila mwenye simu ya namna yoyote. Humpokea pia asiyependa kuandika, akasema kwa Kiswahili chake kama anavyosema kazini.

Mashini hii si jambo la jana. Bwana Gordon Matthews wa Texas, Marekani, alianzisha kampuni ya kuzitengeneza mwaka 1979, akapata hati ya uvumbuzi mwaka 1983. Kampuni kubwa zilizipenda kwa sababu ile ile inayotufanya sisi tuzitake: watu wao walikuwa katika miji mingi na saa mbalimbali, na mtu mmoja alimkosa mwenzake kila mara. Tofauti ni kwamba wao walitafuta kuokoa saa za wauzaji. Sisi twatafuta kuokoa kazi za watu.

KWA NINI SEVA NYINGI, TENA ZIUNGANISHWE

Wengine watasema: kama kuunganisha ni shida, tuweke seva moja kubwa Nairobi, basi. Sisi hatukubali. Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulizimika karibu nchi nzima, hata uwanja mkubwa wa ndege wa Nairobi ukaingia gizani. Siku ya namna hiyo, au siku waya wa Nairobi umekatwa na trekta la kuchimba barabara, chama chenye seva moja huwa bubu toka pwani mpaka ziwani. Tawi lenye seva yake na betri yake laendelea kupokea watu wake. Njia ikirudi, ujumbe uliongoja hupelekwa wenyewe.

Basi ziwe nyingi. Lakini kila seva hushika daftari lake la majina: nani ana sanduku, namba gani, jina lake alivyolisema mwenyewe. Seva zisipounganishwa, ile ya Kisumu haimjui mtu hata mmoja wa Mombasa. Zikiunganishwa, madaftari hayo hunakiliwa toka mashini moja hadi nyingine, hata mtu mpya akiandikwa Eldoret leo, Nairobi yamjua bila karani kuandika tena. Tena yawezekana katibu mkuu aseme mara moja, na maneno yake yafike katika masanduku ya wajumbe wote wa matawi yote.

Hapa watu wa relwe tutaelewa kuliko wengine, maana sisi twajua maana ya njia mbili zisizolingana. Reli ya zamani, iliyofika Kisumu mwaka 1901, ina upana wa milimita 1,000. Reli mpya iliyofunguliwa Mombasa mpaka Nairobi tarehe 31 Mei 2017 ina upana wa milimita 1,435. Behewa la njia moja haliwezi kupita katika nyingine. Ndiyo sababu mizigo ya Malaba ifikapo bonde la Naivasha, makasha hushushwa toka gari moja na kupakiwa katika jingine. Kazi mara mbili, saa mara mbili.

Seva za sauti zilianza hivyo hivyo. Kila kampuni ilitengeneza zake, na ya huyu haikusema na ya yule. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wenye kampuni walikubaliana njia iliyoitwa AMIS. Kwa namna yake iliyotumika sana, mashini moja iliipigia nyingine simu ya kawaida, ikaucheza ujumbe kwa sauti, na ile ya pili ikaunasa upya. Hiyo ni sawasawa na kushusha magunia na kuyapakia tena: ujumbe wa dakika tatu unakula dakika tatu za simu, na sauti hupungua uzuri. Kisha mwaka 1996 ukaandikwa mwongozo wa VPIM, ukatengenezwa upya mwaka 1998 na tena mwaka 2004. Kwa VPIM, sauti hufungwa kama barua na kupelekwa kwa njia ile ile ya barua za kompyuta, hata kati ya mashini za kampuni mbalimbali. Huo ndio upana mmoja wa reli.

Basi neno letu la kwanza kwa wajumbe: msinunue seva isiyofahamu VPIM, au isiyoweza kuonyesha mbele ya macho yenu kwamba yaweza kupeleka na kupokea ujumbe na seva ya kampuni nyingine. Leo mwuzaji ni huyu. Kesho atakuwa mwingine. Tusijifunge kwa reli ya mtu mmoja.

NJIA ZIPITE WAPI

Mwuzaji aweza kusema kila seva iunganishwe na kila seva. Hesabu yake ni hii: matawi matano yanataka njia 10, matawi tisa yanataka njia 36. Kila njia yataka kupangwa na kulindwa, na fundi wa kufanya hivyo hulipwa. Lakini zikiwa na makutano mamoja, kama magari yanavyokutana Nakuru kabla ya kuachana, moja kwenda Eldoret na moja Kisumu, matawi matano yanataka njia 4, na matawi tisa yanataka njia 8 tu. Ubaya wa makutano ni kwamba yakifungwa, wote wamesimama. Kwa hiyo penye makutano pawekwe seva mbili, pacha, moja ikianguka nyingine ishike kazi. Na katika mkataba iandikwe wazi kwamba pacha hao wahesabiwa mara moja kwa leseni za masanduku, maana watu wanaowatumikia ni wale wale.

Tena mjue kila aina ya mashini ina mwisho wake. Katika mtandao wa namna ya zamani wa Cisco Unity Connection, kwa mfano, mwisho ulikuwa vituo 10 katika kundi moja. Chama chenye matawi 8 leo, na hamu ya kufungua mengine, lazima kiulize mwisho huo kabla ya kununua, si baada.

Wala msitishwe na maneno ya waya mnene. Sauti ya simu iliyofungwa kwa kipimo cha VPIM hutumia biti 32,000 kwa sekunde, yaani kama baiti 240,000 kwa dakika. Hata tukiongeza theluthi moja kwa ajili ya kuifunga kama barua, ni baiti 320,000. Ujumbe 200 wa dakika moja moja kwa siku haufiki megabaiti 65. Huo ni mzigo wa mkokoteni, si wa gari zima. Mwuzaji akitaka kutuuzia waya wa benki, tumwulize ni wa kubeba nini.

SASA LESENI

Hapa ndipo fedha zetu zinapoweza kuliwa bila mtu kuiba. Maana ukinunua jembe, jembe ni lako. Ukinunua seva ya sauti, chuma ni chako, lakini kazi iliyo ndani yake waitumia kwa ruhusa tu, na ruhusa hiyo ndiyo leseni. Wauzaji huihesabu kwa namna tatu. Ya kwanza ni kwa masanduku: kila mtu mwenye sanduku la sauti anakula leseni moja. Ya pili ni kwa milango: idadi ya simu ambazo mashini yaweza kupokea kwa wakati mmoja. Ya tatu ni kwa nyongeza: kusoma barua kwa sauti, kutambua maneno ya mpiga simu, na mara nyingine huko kuungana kwenyewe. Ndiyo, ndugu, wako wanaouza mlango halafu wanauza ufunguo.

Zamani leseni nyingi zilifungwa kwa namba ya kadi ya mtandao iliyo ndani ya mashini moja. Kadi ikifa, leseni imekufa nayo, mpaka umwandikie mwuzaji akutengenezee nyingine. Na leseni zilizobaki bure Mombasa hazikuweza kumsaidia mtu wa Nairobi.

Tuchukue mfano. Hizi si hesabu za matawi yetu, ni mfano wa kuelewa tu. Tuseme tumenunua leseni 60 kwa kila tawi kati ya matawi matano. Jumla ni 300. Mombasa inahitaji 35, Nairobi 80, Nakuru 40, Eldoret 25, Kisumu 45. Mahitaji yote ni 225. Mtu atasema tunazo za kutosha na 75 za akiba. La! Nairobi imepungukiwa na 20, na kwa kuwa leseni za wengine zimefungwa kwa mashini zao, itabidi tununue 20 zaidi. Tumelipia 320, na 95 zinalala bure katika matawi manne. Lakini kama zote zingekuwa mfuko mmoja, leseni 240 zingetosha, na 15 zikabaki za akiba. Tofauti ni leseni 80. Kila mmoja azidishe kwa bei iliyo katika karatasi, aone ni ada za wanachama wangapi.

Mfuko wa namna hiyo si ndoto. Cisco Unity ya zamani ilikuwa na njia ya kuziweka leseni za watumiaji pamoja, seva zilizounganishwa zikachota humo. Baadaye kampuni hiyo iliacha kufungia leseni za Unity Connection katika kila mashini, ikaweka mlinzi mmoja wa leseni kwa seva zote. Na tangu toleo la 12, leseni hukaa katika hesabu moja ya mnunuzi, na seva hujiandikisha na kuripoti zinatumia ngapi. Lakini milango haiingii katika mfuko kwa urahisi, maana mlango wa simu uko pale pale mashini ilipo. Simu ya tatu ikiita Kisumu yenye milango miwili, mlango ulio wazi Mombasa haumsaidii. Kwa hiyo masanduku yahesabiwe kwa chama chote, milango ihesabiwe kwa kila tawi kwa wingi wa simu zake.

Wazee wa njia waliotumia tokeni wanajua vizuri neno letu. Tokeni ni ruhusa ya kuingia katika kipande cha njia. Haikuandikwa jina la injini. Injini yoyote iliyopewa tokeni ilipita, na injini ikiharibika, tokeni haikuharibika nayo. Leseni ziwe hivyo: ziwe za njia, si za injini.

HATARI YA LESENI ZA KUKODI

Siku hizi wauzaji wengi hawauzi leseni, wanakodisha kwa mwaka. Mwaka wa kwanza bei ni nzuri. Na mashini mpya hupewa muda wa majaribio. Katika Unity Connection muda huo ni siku 90. Tawi laweza kufanya kazi vizuri miezi mitatu, watu wakapiga makofi, kisha likaanza kukataa kuandika masanduku mapya, kwa sababu hakuna aliyefungua hesabu wala aliyelipa. Fikirini kama hilo latokea wiki ya mgomo, au wiki ya majadiliano ya mkataba. Chama ambacho sauti yake yaweza kunyamazishwa na tarehe ya ankara hakina sauti, kimeazima. Na cha kuazima hakisitiri.

Kama lazima tukodishe, basi tarehe zote za leseni ziishe siku moja, si tawi hili Machi na lile Oktoba. Na mkataba useme kwamba hata siku hiyo ikipita, ujumbe uliokwisha kuwekwa utaendelea kusikilizwa na kutolewa. Maneno ya wanachama si rehani ya deni.

Iko pia njia nyingine. Asterisk, iliyoanzishwa na Bwana Mark Spencer wa Marekani mwaka 1999, ni programu ya simu ambayo kila mtu aruhusiwa kuitumia, kuisoma na kuibadili, na ina masanduku ya sauti ndani yake bila leseni kwa kila sanduku. Seva kadhaa zaweza kuweka ujumbe katika ghala moja na kuliendea zote. Lakini hatusemi ni bure. Hakuna mwuzaji wa kuitwa usiku. Fedha isiyolipwa kwa leseni lazima ilipwe kwa fundi anayejua. Sisi twaona ni fedha iliyo bora, maana fundi anaweza kuwa mtoto wa mwanachama aliyesomeshwa, na ujuzi unabaki kwetu. Halmashauri ilete bei za njia zote mbili, karatasi kwa karatasi, kwa miaka mitano, si kwa mwaka mmoja.

NANI ATASIKILIZA

Mwanachama akisema katika mashini jina la mnyapara anayemwonea, anatia kazi yake mikononi mwetu. Seva zikiunganishwa, maneno hayo husafiri, na mwenye ufunguo mkuu aweza kuyafikia toka mbali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yatuhusu na sisi: sauti ya mtu na shida yake ni data yake, na data ikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru, Kamishna wa Data lazima aarifiwe ndani ya saa 72.

Kwa hiyo twataka mambo matatu. Seva zisiwekwe katika jengo la mwajiri wala zisipite katika waya zake, hata akizitoa bure. Ujumbe upitapo kati ya matawi ufungwe kwa siri, usiweze kusikilizwa njiani. Na ufunguo mkuu ushikwe na watu wawili, na kila aliyefungua aandikwe.

HOFU YA MATAWI

Tumesikia pia ndugu wa matawi wakisema: mfuko mmoja wa leseni ni hila ya makao makuu kutumeza. Hofu hii si ya bure, na haifai kuchekwa. Fedha ya pamoja imewahi kuliwa na walio karibu na sanduku, na tawi la mbali likabaki na barua za ahadi. Lakini dawa yake si kila mtu kujifungia chungu chake. Dawa ni kanuni. Kila tawi liwekewe kiwango chake ambacho hakuna wa kukigusa bila idhini ya tawi, na zilizobaki tu ndizo ziwe za kuchotwa. Na kila miezi mitatu daftari la leseni libandikwe ukutani katika kila afisi: ngapi zimenunuliwa, ngapi zinatumika wapi, zinaisha lini, nani aliidhinisha. Mali bila daftari hupotea bila habari.

MASWALI YA KUULIZWA

Wajumbe, mkienda mkutanoni, chukueni maswali haya na msikubali kujibiwa kwa kicheko:

1. Seva hizi zafahamu VPIM, na mtatuonyesha zikifanya kazi na mashini ya kampuni nyingine?
2. Mwisho wa kuunganisha ni vituo vingapi?
3. Leseni za masanduku ni za mfuko mmoja kwa jina la chama, au zimefungwa kwa kila mashini?
4. Mtu akiacha kazi au akihamishwa toka tawi hadi tawi, leseni yake yarudi mfukoni siku hiyo hiyo?
5. Mashini ikiungua, twalipa tena leseni, au twalipa chuma tu?
6. Kuungana kwenyewe kwataka leseni ya nyongeza?
7. Siku ya kukodi ikipita, nini kinazimika, na nini kinabaki?
8. Tukitaka kumwacha mwuzaji, ujumbe na daftari la majina tutavitoa kwa namna gani?

Asiyeweza kuyajibu maswali haya kwa maandishi, asipewe fedha za wafanya kazi.

Ndugu, chama hiki ni watu waliotawanyika katika njia ndefu, mmoja yuko ghalani Changamwe, mwingine yuko karakana, mwingine yuko peke yake usiku katika kituo kidogo chenye taa moja. Kinachotufanya chama ni kwamba wa mwisho wa njia akisema, wa mwanzo wa njia asikie, tena asikie kwa wakati. Mashini zaweza kutusaidia katika hilo, au zaweza kutugawa katika vyungu vitano na kutuachia ankara. Siku ya kuamua ni ile ya mkutano, kabla ya sahihi. Njooni, na ulizeni.

Sisi wenzenu wa Relwe.